Raba na plastiki nyeusi za gari zinazopauka Mtwara na Lindi: kipi kinatibika, kipi kibadilishwe

#1 KusiNaKaskazi (mleta uzi)

Habari wakuu. Uzi huu ni wa magari yanayolala nje huku kwetu, kuanzia Kilwa Masoko na Lindi mjini hadi Mikindani, Shangani na Msimbati. Raba za milango zimekauka, bampa nyeusi zimekuwa rangi ya majivu, na dawa inayopakwa sehemu nyingi za kuoshea magari ni ileile: dizeli iliyochanganywa na oili chafu. Gari linang'aa siku tatu, kisha raba inaanza kulegea. Tuweke hapa utaratibu kamili, mtu asome, anunue vitu vyake, amalize kazi asubuhi moja.

Kwanza ujue umeshika nini. Vyote ni vyeusi lakini havitibiwi sawa.

Raba za milango, buti na boneti kwenye magari mengi ya Kijapani ni EPDM, aina ya raba inayotengenezwa kiwandani. Ni laini, ukiibonyeza kwa kucha inarudi. Inavumilia jua na maji vizuri sana, ila haipatani kabisa na mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini: dizeli, mafuta ya taa, grisi ya kawaida, oili ya injini, hata vaselini. Mafuta hayo hupenya ndani ya raba yenyewe, yakaivimbisha na kuiondolea nguvu ya kubana. Weusi unaouona asubuhi ni wa mafuta, si wa raba.

Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, kama bampa za Probox na ile plastiki ya chini ya waipa, ni polipropilini. Kucha haiingii. Geuza upande wa ndani utakuta herufi zimegongwa: PP, au PP+EPDM, na kwenye Toyota nyingi TSOP, jina la Toyota kwa polipropilini yake. Hii haikauki kama raba. Jua linakula ngozi yake ya juu na kuacha unga mweupe.

Ya tatu ni ile mikanda ya nje inayopangusa kioo cha mlango kikishuka. Ndani ina bati jembamba, juu plastiki laini. Ikianza kubanduka magamba, usihangaike na dawa, badilisha.

Sasa kazi ya raba za milango, gari la milango minne. Andaa ndoo mbili, sabuni ya maji ya vyombo, mswaki laini, vitambaa vinne vyeupe vya pamba, silikoni halisi ya kulainishia (si ile ya kuzibia nyufa) mililita 50, na sirinji ya mililita 5 kutoka duka la dawa kwa ajili ya kupimia. Soma kopo vizuri: dawa ya kulegezea nati zenye kutu si silikoni, ingawa makopo yanafanana.

Anza saa 12 na nusu asubuhi raba ikiwa baridi. Pitisha kitambaa chenye maji matupu mengi kuzunguka mlango wote, hasa mkunjo wa chini ambako mchanga hujikusanya. Usishike mswaki kabla mchanga haujatoka, maana utakuwa unasugua raba kwa msasa. Kisha maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita 2, mswaki taratibu, suuza kwa ndoo ya pili. Futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke na alama hafifu ya kijivu, basi. Usisubiri kitoke cheupe pe: raba imechanganywa na kaboni nyeusi, na ukizidi kusugua unaitoa hiyo yenyewe.

Acha milango wazi dakika 30 hadi 60 ikauke. Zima taa ya ndani, betri isiishe. Halafu silikoni mililita 2 au 3 kwa mlango mmoja, ambao mzunguko wake ni kama mita 3 hadi 4. Iweke kwenye kitambaa, usiipulize moja kwa moja kwenye raba, kwa sababu ikirukia kioo cha mbele waipa zitaburuza na mvua ya usiku itakuwa ukungu mtupu. Subiri dakika 20, pangusa ziada yote. Kidole kikiteleza bado imezidi, na vumbi la njia ya Newala litaganda hapo.

Raba za ndani rudia kila miezi 3. Za nje zinazoonwa na jua, kila wiki 4 hadi 6, na kwa hizo tumia dawa ya maji yenye kinga ya mionzi ya urujuanimno, si silikoni tupu. Silikoni tupu inalainisha na kuteleza tu, jua inalipitisha.

#2 Dereva_Chikongola

Asante sana mkuu kwa somo. Swali: huku tunajua chumvi ya bahari ndiyo inayopasua raba. Kuna dawa ya kuzuia chumvi, au ni kuosha tu?

#3 FundiBodi_Ligula

Ndugu Dereva, hapo wengi wanakosea, na kosa lenyewe lina gharama. Chumvi haipasui EPDM. Kinachochakaza raba ni mionzi ya jua pamoja na joto. Kwa raba za aina nyingine, kama tairi na bushi za miguu (raba za kwenye viungo vya magurudumu), ongeza ozoni ya hewani: hupasua mahali raba ilipovutwa, na nyufa hukingama na upande wa mvuto. Ndiyo maana tairi hupasuka ubavuni. Na ndiyo maana dizeli inayopulizwa chini ya gari ni hasara mara mbili, kwani bushi nyingi ni za raba ya asili, na hiyo inavimba kwa mafuta hata kuliko raba ya mlango.

Chumvi inakula bati lililo chini ya raba. Raba ya mlango inayobana ukingo wa bodi ina waya au kibati ndani yake. Upepo wa kusi unaleta mvuke wa bahari, chumvi inaingia kwenye ule mfereji, na kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewa, pale ndani hapakauki hata kiangazi. Kutu inaanzia gizani. Ukiona michirizi ya kahawia chini ya raba kwenye kizingiti cha mlango, tayari.

Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, kusi inapoisha kabla ya mvua za Desemba, na tena mvua zikikatika Mei, ng'oa raba sehemu ya chini tu, urefu wa kama mita moja. Ivute kwa mikono polepole kuelekea ndani ya gari, bila bisibisi. Suuza mfereji kwa maji baridi, acha ukauke kabisa, kagua ukingo wa bati. Kutu ya juujuu: msasa namba 120, kisha 240, futa vumbi, paka praima ya kuzuia kutu, rangi juu, saa 24 za kukauka, ndipo urudishe raba. Ukirudisha rangi ikiwa mbichi, raba itagandana nayo, na siku ukiivuta tena inatoka na rangi.

Jambo moja wachache wanalifahamu: chini ya kila mlango kuna vitundu viwili au vitatu vya kutolea maji. Maji kuingia ndani ya mlango kupitia kando ya kioo ni kawaida, gari limeundwa hivyo, mradi yatoke. Vitundu vikizibwa na mchanga au na rangi ya fundi, mlango unakuwa ndoo ya maji ya chumvi. Pitisha kijiti cha mti laini, siyo msumari.

#4 MweusiTii

Nichangie upande wa plastiki, maana huko ndiko watu wanamwaga hela bure.

Kusafisha ni robo tatu ya kazi. Osha kwa sabuni na brashi ya nailoni ya ugumu wa kati ukifuata vijinyufa vya urembo, yaani ile michoro midogo iliyo juu ya plastiki. Kama kuna madoa meupe ya nta ya kung'arishia rangi yaliyoingia kwenye vishimo, tumia ufutio wa penseli wa kawaida wa shule, unayatoa vizuri kuliko kemikali. Halafu spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, kitambaa kibichi kidogo tu, pangusa mara mbili. Kitambaa kikitoka na utelezi wa kahawia, hiyo ni dizeli ya zamani. Rudia mpaka iishe. Dawa yoyote nzuri ikipakwa juu ya mafuta hubanduka.

Baada ya hapo kuna njia nne.

Dawa za kung'arisha za maji: zinarudisha weusi, zinaondoka kwa mvua. Zinafaa plastiki ambayo bado haijachoka sana.

Dawa zenye rangi au utomvu unaoganda: hizi ndizo za plastiki iliyokwishapauka. Kichupa cha mililita 30 kwa kawaida hutosha bampa mbili na vioo vya pembeni. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kuzunguka kote, kwa sababu ikigusa rangi ya gari na kukauka, kuitoa ni msasa. Paka kivulini, eneo la shubiri moja kwa wakati, tabaka jembamba, na ufute ziada ndani ya dakika 2. Wakati wa masika inaweza kukosa muda wa kukauka: inahitaji saa 12 hadi 24 bila maji, kwa hiyo subiri siku mbili kavu. Ukiona mistari, ulipaka juani au umerudia mahali pameanza kuganda.

Ya tatu ni moto, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Inafanya kazi kwenye polipropilini kwa kuyeyusha kidogo ile ngozi iliyokufa. Lakini polipropilini inayeyuka karibu nyuzi 160, na mashine nyingi zinatoa zaidi ya 400 mdomoni. Ukisimama mahali pamoja sekunde chache, urembo unalala na kuwa doa linalong'aa ambalo haliondoki tena. Na weusi wake haudumu, kwa kuwa kinga ya jua iliyokuwa kwenye plastiki imekwisha; moto hauirudishi. Mimi siishauri kwa gari linalolala Shangani. Kwenye raba usithubutu kabisa.

Ya nne ni kupaka rangi. Bila praima maalumu ya plastiki kwanza, rangi itatoka vipande vipande kama ganda la yai. Polipropilini haishiki rangi yenyewe. Na kama bampa au raba za jirani zilishapakwa silikoni, mwambie fundi rangi kabla hajafungua bunduki: silikoni kidogo tu inaleta vishimo vya duara kwenye rangi mpya na kazi yote inarudiwa.

#5 BintiTandahimba

Kaka MweusiTii, asante. Je, mafuta ya nazi? Huku ni rahisi kupatikana na raba inalainika kweli. Na glisirini inayouzwa madukani kwa ajili ya ngozi?

#6 KusiNaKaskazi

Dada, mafuta ya nazi hayavimbishi EPDM kama dizeli, lakini yanachacha, yanakuwa na gundi, na vumbi likishika hapo linageuka tope la kusaga raba kila mlango ukifungwa. Masika yanaota kuvu. Acha yabaki jikoni.

Glisirini ni salama kwa raba. Changanya sehemu 1 ya glisirini na sehemu 3 za maji safi, paka kwa kitambaa, futa. Inafaa kiangazi, raba inapogandana na mlango kwa joto. Udhaifu wake ni kwamba inayeyuka kwenye maji, mvua moja imeondoka, na ukiiacha nzito inavuta unyevu. Kwa asiye na hela ya silikoni mwezi huu, glisirini ni bora mara mia kuliko oili chafu.

Kuvu ikishaota: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, dakika 5, suuza vizuri. Usitumie dawa ya kufulia nguo nyeupe. Inapausha na kudhoofisha raba na bati lililo chini yake.

#7 Mingoyo_Njiapanda

Wakuu, mlango wa nyuma unaingiza vumbi hata baada ya kusafisha na kupaka. Raba haina nyufa. Nibadilishe?

#8 FundiBodi_Ligula

Kabla ya kununua, pima. Kata karatasi ya daftari upana wa vidole viwili. Ifungie mlangoni, ivute. Fanya hivyo sehemu kumi kuzunguka mlango. Ikivutika kwa shida kote, raba ni nzima, vumbi linapita kwingine: angalia vizibo vya raba chini ya zulia na raba ya buti. Ikitoka bila kushikwa sehemu moja au mbili tu, raba imelala hapo, imeshachukua umbo la kubanwa. Hakuna dawa ya kupaka inayoinua raba iliyolala, hata uambiwe nini.

Ikilegea sehemu zote sawasawa, usilaumu raba kwanza. Angalia kile kidaka cha kufuli kwenye nguzo ya mlango, chenye umbo la U. Chora mstari wa penseli kukizunguka, legeza skrubu zake mbili kidogo, kisogeze ndani milimita 1, kaza, pima tena kwa karatasi. Mara nyingi tatizo linaishia hapo bila kununua kitu.

Ukilazimika kubadilisha, kuna raba asili ya gari na kuna ya kupimiwa kwa mita. Ya asili inashika kona vizuri. Agiza kwa namba ya chasisi, si kwa jina la gari tu, kwani matoleo yanatofautiana. Ya mita inakubalika kama utapima mambo mawili: unene wa ukingo wa bati inapobana, na kipenyo cha ule mrija, yaani sehemu ya raba yenye uwazi ndani inayobanwa na mlango. Mrija ukizidi, mlango utataka kubamizwa, na kila kubamiza kunaumiza kufuli na bawaba. Chukua kipande cha sentimita 20 kwanza ukijaribu.

Kufunga: anzia chini katikati ya mlango, usianzie juu wala kwenye kona, maana kiungo kikiwa juu maji yatapita. Usiivute. Raba ikivutwa inarudi yenyewe baada ya siku chache na kuacha pengo kwenye kiungo. Badala yake, mwishoni ikate ikiwa imezidi milimita 5 hadi 10, kisha isukumie ndani mpaka ncha zikutane. Tone la gundi ya haraka kwenye kiungo, igonge kwa nyundo ya raba kuzunguka. Vile vitundu vidogo kwenye mrija ni vya kupumulia. Usivizibe.

Siku chache za kwanza mlango utakuwa mgumu kidogo. Hiyo ni dalili njema.

#9 Dereva_Chikongola

Na raba inayozunguka kioo cha mbele, imesinyaa na kuacha nafasi kwenye kona. Fundi mmoja amesema ajaze silikoni ya vioo vya nyumba.

#10 FundiBodi_Ligula

Usikubali. Silikoni inayonuka siki wakati inakauka inatoa asidi, na asidi hiyo ikikutana na bati lenye mkwaruzo chini ya kioo inazaa kutu ambayo hutaiona mpaka kioo kianze kuvuja.

Kwenye magari ya sasa ile raba haishikilii kioo. Kioo kimegandishwa na gundi ya polyurethane, na kazi ya raba ni kuifunika gundi hiyo jua lisiifikie. Kwa hiyo nafasi kwenye kona si ya sura tu, inaiweka wazi gundi yenyewe. Safisha nafasi kwa spiriti, kagua kutu kwa tochi, kisha jaza gundi nyeusi ya polyurethane ya vioo vya magari, tabaka dogo lililolala chini ya usawa wa kioo. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija, madirisha yakiwa yamefunguliwa kidogo ili mlango ukifungwa hewa isisukume gundi mbichi. Kama kutu imeshavimbisha rangi chini ya raba, hiyo si kazi ya kujaza tena: kioo kitolewe, bati lishughulikiwe.

#11 Mikindani_Pwani

Nami niongeze la madirisha ya umeme yanayopanda kwa uzito, maana mota nyingi zinabadilishwa bila kosa. Njia ya kioo ndani ya fremu imejaa mchanga na chumvi. Shusha kioo, funga kitambaa kibichi kwenye rula nyembamba ya plastiki, pitisha kwenye mfereji wa mbele na wa nyuma mpaka kitoke safi. Kausha. Silikoni inayokauka, puliza sekunde moja kila upande, pandisha na kushusha kioo mara tano, futa kioo. Usiweke grisi humo kamwe. Mchanga na grisi ni msasa wa kioo, na mistari inayotokea haitoki.

Kuhusu kuegesha: Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu 20 Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Ukielekeza pua ya gari kusini miezi hiyo, kioo cha mbele na plastiki ya waipa vinapumzika kidogo, ila pua ndiyo itapokea upepo wa kusi na chumvi yake. Anayelala karibu na bahari abadilishe upande kila wiki na asuuze pua kwa maji matupu. Kivuli cha mwembe au mkorosho ni kizuri kuliko dawa zote humu, mradi utomvu ukidondoka utolewe siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usiutoe kwa petroli.

Turubai la kufunika gari lifungwe kwa kamba chini kabisa. Likipepea na mchanga ndani yake, linasugua rangi na raba usiku kucha.

#12 Mingoyo_Njiapanda

Nimepima kwa karatasi, imelala kona ya juu tu nyuma. Naagiza raba iliyotumika kutoka Dar, Gerezani. Ije kwa basi. Nimwambie nini muuzaji?

#13 KusiNaKaskazi

Mwambie akutumie picha ya raba yote ikiwa imetandazwa chini, kiungo kionekane, na kona zote nne kwa karibu. Mrija ukiwa umebonyea kona ileile ya kwako, usinunue. Aizungushe kama duara, kipenyo kisipungue sentimita 40, aifunge kwa kamba ya kitambaa, iwekwe juu ya mizigo. Asiikunje ikaingia kwenye kiroba. Raba ikikunjwa safari nzima na joto la buti la basi, mkunjo unabaki na utavujia hapohapo. Ikifika na mkunjo mdogo, iloweke kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 dakika 15, itandaze kivulini usiku mmoja, kisha pima kwa karatasi kabla hujamlipa salio.

#14 Mingoyo_Njiapanda

Nimekuelewa mkuu. Naiosha na kuipaka silikoni kabla ya kufunga, au baada?

#15 KusiNaKaskazi

Osha kabla, funga ikiwa kavu kabisa, silikoni ipake baada ya siku mbili. Ikiwa na utelezi wakati wa kufunga haitashika ukingo, na gundi ya kiungo haitakamata.